Mkuki Wameuona, Mpagazi Hawakumwona

Katika uhakiki wa leo hakuna kazi nyepesi kama kuulaumu wimbo wa "Africa" wa kundi la Toto. Wimbo huo wa roki ulitoka mwaka 1982 katika santuri ya Toto IV, na Februari 1983 ukashika nafasi ya kwanza nchini Marekani. Mtunzi wake mkuu, David Paich, aliyeuandika pamoja na mpiga ngoma Jeff Porcaro, alikuwa hajalikanyaga bara alilolitungia. Mlima Kilimanjaro ameusimamisha juu ya Serengeti, ilhali baina ya mlima na mbuga mna masafa ya zaidi ya kilomita 200. Mhakiki akishayasema hayo, hutaja jina la McLuhan, akaongeza la Barthes, akalirudia neno "ukoloni" mara tatu, kisha akaweka kalamu chini akijiona ameitetea Afrika. Kwa hakika hakuitetea. Alichokifanya ni kujitenga na kesi ambayo na yeye ni mshitakiwa ndani yake.

Hapana budi kwanza video yenyewe itazamwe, maana wengi wanaoilaani huilaani kwa kusikia. Iliongozwa na Steve Barron. Mtafiti mmoja, ambaye ni Paich mwenyewe, yumo maktabani na kipande cha karatasi kilichochanika. Juu ya kipande hicho mna sehemu ya picha ya ngao, naye anakitafuta kitabu kilichochanwa. Mezani ameketi mkutubi, mwanamke mweusi mwenye miwani, anayemtupia jicho mara kwa mara. Kundi zima linapiga muziki juu ya rundo la vitabu vikubwa mno, na kitabu cha juu kabisa ni hicho kiitwacho Afrika. Tufe la dunia linazunguka. Nje, katika mwitu unaoizunguka maktaba, mtu mweusi anasogea taratibu. Mtafiti anapokipata kitabu, mkuki unarushwa, vitabu vinaporomoka, na kitabu kinafunguka palepale penye ukurasa uliochanika. Hapo hapo kandili inakiangukia, nacho kinashika moto. Mwisho huonekana miwani ya mkutubi ikidondoka chini.

Wahakiki wamekwishausema ubaya wa mkuki, nao wamesema kweli. Mtu yule hakupewa jina, wala neno, wala sababu ya kuja. Amewekwa mwituni ili arushe silaha, kama kwamba Mwafrika akikaribia vitabu, kazi yake ni kuvibomoa. Roland Barthes, katika insha zake za mwaka 1957, alieleza namna picha inavyoweza kuifanya historia ionekane kuwa maumbile. Na mtu wa mkuki ni mfano wa wazi wa jambo hilo. Yote haya yakubalike bila ya mjadala. Lakini uhakiki unaosita hapo ni sawa na kusoma ubeti mmoja wa shairi la beti kumi, kisha kutoa hukumu juu ya mshairi, lugha yake na kabila lake.

Msomaji wa mashairi haanzi na laana. Huhesabu mizani, huvitazama vina, akauliza: ni kitu gani kinachorudi? Kibwagizo ndicho kinachobeba shairi. Katika video hii mkuki hurushwa mara moja tu. Kinachorudi, ubeti hadi ubeti, ni vitabu: vitabu rafuni, vitabu mezani, vitabu chini ya miguu ya wapigaji gitaa. Afrika haimo katika video hii. Kilichomo ni kitabu chenye jina lake. Kwa hiyo video hii, kwa makusudi au kwa bahati, imesema ukweli mmoja ambao wahakiki wameuruka: kwamba watu wale hawaijui Afrika ila kwa kurasa, na kwamba hata kurasa zenyewe zimefika mikononi mwao zikiwa zimechanika.

Hapa ndipo nadharia ya vyombo vya mawasiliano ingelipofaa, laiti ingelitumiwa kama jembe na si kama kilemba. Marshall McLuhan, katika kitabu chake Understanding Media cha mwaka 1964, alishikilia kwamba kilichomo ndani ya chombo chochote cha mawasiliano ni chombo kingine kilichokitangulia: maandishi yana usemi ndani yake, na uchapaji una maandishi. Katika kitabu hicho hicho aliiweka barabara miongoni mwa vyombo vya mawasiliano. Kabla yake, Mkanada mwenzake Harold Innis, katika Empire and Communications cha mwaka 1950, alikwisha kuonyesha kwamba dola husimama na kuanguka kwa kile kinachobeba maneno yake: jiwe hudumu lakini halisafiri, karatasi husafiri lakini haidumu. Basi anayetaka kuichambua video ya Toto kwa mizani ya mabwana hawa hawezi kuishia kwenye kioo cha televisheni. Lazima afunue tabaka moja baada ya jingine. Ndani ya video mna kitabu. Ndani ya kitabu mna safari. Ndani ya safari mna njia. Na njia hiyo, kwa upande huu wa bara, ilipita Tabora.

Nani alilijaza kabati lile? Katika vitabu vya Kiingereza vilivyowaeleza wageni habari za bara hili la mashariki, viwili vilisomwa mno: The Lake Regions of Central Africa cha Richard Burton, cha mwaka 1860, na How I Found Livingstone cha Henry Morton Stanley, cha mwaka 1872. Vyote viwili vilipikwa Unyanyembe. Burton na mwenzake Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora, mwezi Novemba 1857, wakakirimiwa na Snay bin Amir, Mwarabu wa Kiharthi aliyekuwa mfanyabiashara mkubwa wa mji. Julai 1858 Speke alipokwenda kaskazini kulitafuta ziwa, Burton alibaki Kazeh akikusanya maneno ya lugha na habari za nchi kutoka kwa mwenyeji wake. Alimsifu kitabuni, hilo si la kukanushwa. Lakini kwenye mgongo wa kitabu limeandikwa jina moja tu. Elimu ya barazani, iliyosemwa juu ya mkeka baina ya kahawa na tende, iligeuka kuwa elimu ya London, na baraza yenyewe ikawa mapambo ya sura ya katikati.

Stanley naye alifika Unyanyembe Juni 1871, akapanga Kwihara, mwendo mfupi kutoka Tabora. Agosti akaingia vitani pamoja na Waarabu wa mji dhidi ya Mirambo, wakashindwa, wakakimbia. Septemba akashika njia ya kusini kuzunguka vita, akafika Ujiji. Februari 1872 alirudi Kwihara pamoja na Livingstone, na mwezi wa Machi wakaagana. Habari zake alizipeleka katika gazeti la New York Herald, na barua zile hazikuruka angani. Zilikwenda pwani kwa miguu ya watu. Msafara wake uliongozwa na Sidi Mubarak Bombay, mtu yule yule aliyefuatana na Burton na Speke miaka kumi na kitu nyuma. Karatasi za Stanley, wino wake, shanga, nguo na nyaya za kulipia njia vilipanda bara juu ya mabega ya wapagazi, kila mmoja na mzigo wa kiasi cha frasila mbili, yaani kama kilo 32.

Basi mtazamaji airudie video. Kundi la Toto limesimama juu ya rundo la vitabu. Je, rundo hilo limesimama juu ya nini? Limesimama juu ya bega la mpagazi. Mwongozaji wa video hakumwona, na haikutarajiwa amwone. Aibu ni kwamba mhakiki wa pwani, ambaye babu yake ama alimlipa mpagazi huyo, ama alimpunja, ama alikuwa ni yeye, hakumwona pia. Ameuona mkuki kwa sababu mkuki unamtusi. Mpagazi hamtusi mtu. Huuliza swali tu, na swali lake halina jibu jepesi.

Njia ile haikubeba pembe na barua peke yake. Kirangozi alitangulia na bendera, ngoma ikalia, wimbo ukaanzishwa na mmoja na kuitikiwa na msafara mzima. Masafa ya Bagamoyo hadi Ujiji, karibu kilomita 1,200, yalitembewa kwa sauti. Watu waliotoka kila upande walihitaji lugha moja ya kuelewana, na Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya kambi, ya soko na ya kisimani. Mirambo, ambaye vitabu vingi vya wageni vilimfanya mnyang'anyi, aliijua nadharia hii kabla ya Innis kuzaliwa: alitambua kwamba anayeishika njia ameishika habari, na anayeifunga huwafanya matajiri wa Unguja wapige magoti.

Athari ya njia hiyo ingali hai vinywani. Neno "hongo" lilikuwa ada ambayo msafara ulimlipa mtemi ili upite katika nchi yake. Leo ni rushwa. Neno "posho" lilikuwa chakula cha siku cha mpagazi. Leo ni fedha anayolipwa bwana mkubwa kwa kuketi katika semina. Maneno mawili haya yana uchambuzi wa mawasiliano kuliko tasnifu nyingi. Yanaonyesha jinsi haki ya mwenye nchi ilivyoshushwa ikawa wizi, na jinsi riziki ya mbeba mzigo ilivyopandishwa ikawa marupurupu ya asiyebeba kitu. Mhakiki hukaa katika semina ya ukoloni mamboleo, akailaani video ya Toto, kisha akatia saini karatasi ya posho bila ya kujua kwamba ameshika mkononi mwake ushahidi mzito kuliko ule wa kwenye kioo.

Linganisha na ngoma ya wimbo wenyewe. Porcaro alieleza kwamba alipoutengeneza mdundo ule aliwakumbuka wapiga ngoma aliowasikia utotoni katika banda la Afrika kwenye maonyesho ya dunia ya New York ya mwaka 1964. Mdundo ulirekodiwa, ukakatwa, ukafanywa utepe unaozunguka. Hiyo ni ngoma iliyonyang'anywa njia. Ngoma ya msafara ilikuwa na pa kutoka na pa kufika. Ya utepe hujirudia palepale, kama tufe lile la dunia ndani ya video. Mwaka 2019 msanii Max Siedentopf aliupeleka mchezo huo ukingoni: aliweka spika sita katika jangwa la Namib zikiwa na nguvu ya jua, ili wimbo wa "Africa" upigwe bila ya kikomo mahali pasipo na msikilizaji. Watu wengi walicheka. Walipaswa kufahamu kwamba ule ndio ukamilifu wa video ya 1982: Afrika imebakizwa sauti na ardhi, na watu wameondolewa.

Sasa lije lile ambalo wahakiki wa visiwani hawapendi kulisikia. Bara kuwa kitabu cha watu wengine halikuanza na Wamarekani, wala na Waingereza. Pwani nayo ilikuwa na kabati lake. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, aliacha tawasifu ya Kiswahili iliyochapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Carl Velten alikusanya na kuchapisha Safari za Wasuaheli mwaka 1901. Hizi ni hazina za nathari ya Kiswahili, na asiyezisoma asijiite mjuzi wa lugha. Lakini zisomwe kwa macho yale yale yanayomtazama Toto. Ndani yake bara ni nchi ya pembe, ya vita na ya "washenzi". Neno hilo limejaa kurasani kama mchanga katika kiatu. Anayelitumia Tippu Tip ni mtu ambaye baba yake alikuwa na maskani Tabora, na alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Undugu wa ndoa haukulifuta neno. Na hata jina la Wanyamwezi lenyewe, kwa kauli ya wanahistoria wengi, ni jina walilobandikwa na watu wa pwani waliotazama upande wa machweo, unakochomoza mwezi mwandamo.

Yule mtu wa mkuki, asiye na jina wala neno, alikwisha kuwepo katika Kiswahili kabla ya kuwepo katika video. Aliitwa mshenzi. Barabara iliyokipeleka Kiswahili Tabora ndiyo iliyowateremsha pwani watu waliofungwa minyororo, na mshairi anayejivunia la kwanza hana ruhusa ya kulinyamazia la pili. Nyani haoni kundule.

Itasemwa kwamba kauli hii inawaachia huru wakubwa wa dunia kwa kuwabana wanyonge, na kwamba kosa la mfanyabiashara wa karne ya 19 halilingani na la tasnia ya muziki inayoifikia dunia nzima. Hoja hii ina uzito, na ijibiwe kwa heshima. Ni kweli makosa hayalingani kwa ukubwa. Vitabu vya Tippu Tip na Velten navyo vilipita mikononi mwa Wajerumani, wakavichapa kwa manufaa yao. Lakini neno "mshenzi" hawakulileta Wajerumani, walilikuta. Na uhakiki si mahakama ya kugawa vifungo kwa vipimo. Uhakiki ni kazi ya kuona. Asiyeliona jicho lake mwenyewe ndani ya picha hajaiona picha.

Wengine watasema wimbo ni wimbo tu, wa mapenzi na mvua, na haukudai kuwa jiografia. Hao nao wana haki yao. Wimbo ule ni mtamu, na utamu si dhambi. Lakini kwa sababu ni mtamu ndiyo maana unadumu, na kidumucho hufundisha, kiwe kimekusudia au hakikukusudia.

Stuart Hall, Mjamaika aliyefundisha Birmingham, alieleza mwaka 1973 kwamba mtazamaji aweza kuupokea ujumbe kama ulivyotumwa, aweza kuukubali nusu na kuukataa nusu, au aweza kuusoma kinyume. Wahakiki hulipenda hilo la tatu. Lakini je, Tabora ya 1982 ilisimama wapi? Haikusimama popote katika hayo, kwa sababu Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, ilhali Zanzibar ilikwisha kuwa na ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tabora ilikuwa mji wa redio na wa kumbi za dansi. Kiko Kids ya Salim Zahoro, Nyanyembe Jazz, na Tabora Jazz wana Segere Matata walisikika nchi nzima kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam. Shem Ibrahim Karenga, mtoto wa Kigoma aliyeng'ara Tabora Jazz kwa "Dada Asha", aliupata umaarufu katika mji ule ule ambao misafara ya Ujiji ilitua mizigo. Njia ilikuwa ingali inafanya kazi, ila sasa mzigo ulikuwa gitaa.

Muziki huo haukuwa na video. Katika miaka ambayo Marekani ilikuwa ikiitengeneza Afrika isiyo na mahali, mahali palikuwepo na palikuwa pakiimba bila ya picha. Huo ndio mlinganisho unaostahili insha, na tena wa Kiswahili. Mhakiki anayeweza kutaja mwaka wa video ya Toto na jina la mwongozaji wake, aulizwe majina ya wapigaji wa Tabora Jazz. Akikosa jibu, na arudi akaitazame video upya, maana yule mtafiti mwenye kipande kilichochanika ni yeye. Anaitafuta Afrika katika kabati la ng'ambo, kwa nadharia ya ng'ambo, na kitabu anachokitafuta kiko nyuma ya mgongo wake.

Pale Kwihara lipo tembe lenye makumbusho, na wageni huelekezwa huko kwa jina la Livingstone. Nyumba ya Unyanyembe imeitwa kwa jina la mpangaji wa miezi michache. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe, Kwihara na Ujiji zikiwemo, katika orodha ya awali ya urithi wa dunia wa UNESCO. Ni jambo jema. Lakini orodha haisomi wala haiimbi. Miembe iliyopandwa kuifuata njia hiyo inazaa kila msimu bila ya kuombwa posho. Washairi wa pwani ndio waliochelewa kuzaa. Bara waliyoiachia neno "mshenzi" wanaidai utenzi wa mpagazi, wenye jina lake, mzigo wake na wimbo wake, nao hautatungwa Marekani.

Tena yuko yule mkutubi. Wahakiki wote wamempita. Ni mweusi, ni msomi, ndiye anayezijua rafu, na yumo ndani ya video tangu mwanzo, lakini kitabu hakitolewi na mkono wake. Snay bin Amir alikuwa mkutubi. Sidi Mubarak Bombay alikuwa mkutubi. Kirangozi aliyezijua kambi zote za njia kwa wimbo alikuwa mkutubi. Mkuki ulipotua na moto ulipowaka, kamera ilibakisha miwani yake sakafuni. Anayetaka kuichambua video hiyo kwa Kiswahili aanze kwa kuinama na kuiokota.